Mabibi Harusi wa Hori la Quilmó

Juni 9
Tumefika hori la Puyelde, na mvua ilifika kabla yetu. Kibanda tulichoacha mwaka jana kimebaki nguzo tu, plastiki yote imeliwa na upepo. Sixto akasimama katikati ya tope, mikono kiunoni. "Shemeji, naona hoteli imefanyiwa ukarabati." Nikamrushia kiroba cha viazi.

Ninaandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka. Mpaka Septemba watu nitakaowaona ni watatu tu. Mume wangu Eliecer, mzamiaji. Binamu yake Sixto, mwenye boti. Na mama mkwe wangu, Mama Herminda, ambaye ana miaka sabini na kitu na amekataa kubaki kisiwani kwetu Chiloé kwa sababu eti mimi nikipika viazi vinalia. Kazi yangu ni kushika mpira. Eliecer akiwa chini, hewa yote anayovuta inatoka kwenye kompresa na kupita katika mpira ulio mikononi mwangu.

Mwaka jana kina kilimkamata, ule ugonjwa wa mzamiaji aliyeshuka mno. Kidogo tu, lakini baridi ikizidi anaburuta mguu wa kushoto. Daktari alimwambia akikamatwa tena asahau kutembea, na hapo ni kama atabaki hai. Akaniapia mbele ya Mama Maria kanisani kwetu kwamba hatawapita mabibi harusi, yale matumbawe meupe ya chini, hata kwa shibiri moja. Nimemwambia na mimi nimeapa: akivunja kiapo, asinitafute.

Juni 10
Mvua. Tumejenga upya.

Juni 11
Mama Herminda ametoa lile tumbawe lake na kuliweka rafuni, kando ya kopo la chumvi. Kila msimu analibeba, limefungwa kwenye soksi ya marehemu mumewe Abelino. Ni jeupe, dogo, liko peke yake, ukubwa wa kikombe cha kahawa. Baada ya chakula mahubiri yakaanza, na sote tukaimba pamoja naye kwa sababu tunayajua kwa moyo.

"Juu kuna nini?"
"Maji meupe kama maziwa, yanayotoka kwenye barafu," tukajibu.
"Chini ya maziwa?"
"Kome."
"Chini ya kome?"
"Nungu wa bahari."
"Chini ya nungu?"
"Mabibi harusi!"
"Ukiwaona mabibi harusi unafanya nini?"
"Unavuta mpira mara tatu, unageuka!" Sixto akaongeza, "Na unawaambia una mke juu ameshika mpira, na ana wivu."

Mama hakucheka. Akalinyooshea kidole lile tumbawe. "Abelino hakugeuka. Alikwenda kuwachuma. Hili lilikuwa kwenye wavu wake siku aliyokufa. Tamaa tu. Asubuhi nilimwambia, mume wangu, ukifika kwa mabibi harusi geuka, akanijibu ndiyo, ndiyo, kama mnavyojibu nyinyi."

Miaka ishirini na mbili bado ana hasira na maiti. Novemba, watu wote kijijini wakiwasha mishumaa makaburini, yeye huwawashia wazazi wake na kupita kaburi la mumewe kama anapita nyumba ya mtu wasiyesalimiana naye. Mimi huona aibu, lakini nani atamwambia?

Juni 13
Siku ya kwanza majini. Mpira wetu una utepe mwekundu kila mita kumi. Utepe wa pili ulipogusa maji nikasikia mvuto: mmoja, miwili, mitatu. Kwa mabibi harusi. Akageuka, akaanza kukusanya nungu huku anapanda. Roho yangu ikatulia. Sixto ananicheka eti midomo yangu inasali kila Eliecer akishuka.

Eliecer alikuwa na saa ya kupimia kina. Ilikufa mwaka juzi. Mama alisema ya nini saa, mabibi harusi hawahitaji betri.

Juni 17
Utepe wa pili, mivuto mitatu. Nungu wengi, wakubwa, ndani wana manjano mazito.

Juni 18
Vilevile.

Juni 24
Sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Mama kapika mikate ya viazi yenye vipande vya nguruwe. Nimekula mpaka nimeona haya.

Julai 3
Nyavu zimejaa nungu. Tumezitundika chini ya boti, nungu wakiwa hai, tukisubiri boti la mzigo. Upepo wa kaskazini, joto la ajabu kwa Julai. Mvua hata usingizini.

Julai 8
Jamani. Jamani.

Alfajiri tumeamshwa na mngurumo kutoka juu ya hori, nikadhani mlima unaanguka. Sixto akatoka na chupi tu, akarudi mbio. "Ziwa la juu limepasua barafu! Pandeni! Pandeni!" Tukamkokota Mama Herminda mpaka kwenye miti. Maji hayakufika kibandani, lakini yalipita mbele yetu saa nzima, rangi ya saruji, na vipande vya barafu vikubwa kama ng'ombe, na miti mizima, na mbweha mmoja aliyekufa. Boti limepona kwa kuwa lilikuwa nyuma ya mwamba.

Julai 9
Nyavu zote. Tumezivuta na nungu wote wamekufa. Miiba inadondoka ukiwagusa, inabaki mkononi kama nywele za mgonjwa. Maji yasiyo na chumvi yaliwazunguka wakiwa wamefungwa pale, hawana pa kukimbilia.

Julai 10
Eliecer ameshuka kutazama. Alipopanda akavua barakoa, akakaa anaigeuzageuza mkononi. Nikamtikisa. "Sema basi!"

"Hakuna kitu, Edu. Kome wote wamefunua midomo. Viti vya pweza wamelegea kwenye mwamba kama matambara. Nungu wamelala chini rundo kwa rundo, wana upara. Kaa walikuwa wanawala, na kaa wenyewe wamekufa katikati ya kula."

"Na mabibi harusi?" Mama akauliza.

"Wako. Wana tope usoni."

Nimezaliwa kwenye maji haya, sijawahi kufikiri kwamba sakafu ya bahari inaweza kufa kwa usiku mmoja. Nilidhani kule chini ndiko kusikofikiwa na kitu.

Julai 12
Harufu. Hatuli.

Julai 14
Leo Sixto amesema kile ambacho sote tulikuwa tunakizunguka. "Twende Quilmó."

Nikamtazama Mama. Quilmó ndiko alikofia Abelino. Hakuna mtu wa familia yetu aliyepiga mbizi kule tangu siku hiyo.

"Barafu ya Quilmó ilirudi nyuma hadi juu mlimani kabla sisi hatujazaliwa," Sixto akaendelea, hamtazami mtu. "Hakuna maziwa. Maji kioo. Hakuna ziwa la kutupasukia, shangazi."

Mama akaendelea kutunga kome wake wa moshi kwenye kijiti, mmoja mmoja. Kisha akasema, "Hori haliui mtu. Tamaa ndiyo inaua. Twendeni." Akainuka, akalifunga tumbawe lake kwenye soksi.

Nikamshika Eliecer mkono nje. "Kiapo chako kimesafiri nasi au kimebaki Puyelde?"

"Edu, wewe kweli una mdomo. Kimesafiri."

Julai 18
Quilmó. Salale, maji haya! Unaona nanga imelala chini na kaa anapita juu yake. Nimeona kiti cha pweza kina mikono mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kinatembea polepole kama bibi anayekwenda misa. Tumezoea kutazama maziwa, leo tunachungulia kama watoto dirishani. Hata Mama ameinama ukingoni mwa boti. Kisha akakumbuka alipo, akakaa sawa.

Julai 19
Eliecer kashuka. Mpira ukaenda, ukaenda. Utepe wa pili ukapita, hakuna mvuto. Wa tatu ukapita. Nikampigia Sixto kelele. Akasema kuna mkondo, unauvuta mpira pembeni, si chini. Utepe wa nne ulipogusa maji ndipo akavuta mara tatu.

Alipopanda nikamrukia. "Umefika wapi wewe?"

"Kwa mabibi harusi, nikageuka. Uliza wavu." Wavu ulikuwa umejaa kweli, nungu kama vichwa vya watoto.

Julai 20
Utepe wa nne. Mkondo.

Julai 22
Utepe wa nne. Nungu wengi. Eliecer analalamika bega la kulia linauma, kasema ni uzito wa nyavu. Mama amelisugua kwa mafuta ya nguruwe.

Julai 23
Upepo. Hatukutoka. Sixto kaniibia karata, nimemuona kwa macho yangu, kaapa kwa roho ya babu yake. Babu yake yu hai.

Julai 27
Utepe wa nne. Ameshinda chini muda wake wa kila siku, vilevile kama Puyelde. Amepanda amechoka mno, amelala na viatu. Nilimvua mwenyewe na kumtazama. Nimeanza kufikiri jambo baya juu ya mume wangu. Siliandiki.

Julai 30
Naliandika. Naona ananidanganya. Naona anashuka chini ya mabibi harusi, anachukua wale nungu wakubwa, halafu anavuta mara tatu ili mimi nitulie huku juu kama mbuzi. Maana mkondo gani huu usiokoma hata maji yakijaa?

Agosti 3
Sijui nianzie wapi.

Alipanda anacheka. Alikuwa ameona pweza amemkumbatia kaa, akatusimulia kwa mikono. Akaomba chai. Nikampa kikombe, kikadondoka. Akakitazama kikombe pale chini kama hakijui. Kisha akasema taratibu kabisa, "Edu, miguu yangu iko wapi?"

Nilidhani anatania! Mungu anisamehe, nilicheka. Halafu nikaona uso wake.

Sixto alimfungua suti kwa kisu. Ngozi ya tumbo ilikuwa na madoa ya zambarau. Nikambana mguu, nikambana kwa kucha mpaka damu, hakustuka. Na mimi badala ya kumshika mume wangu nikaanza kupiga kelele, hori zima likanisikia. "Umewapita! Umewapita mabibi harusi! Uliniapia mbele ya Mama Maria, mwongo wewe!"

"Sijawapita," akasema. Meno yanagongana. "Edu, sijawapita."

"Utepe wa nne, Eliecer! Nilikuwa nao mkononi!"

"Sijawapita."

Mama Herminda alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda ufukweni. Hakuja. Kwa mbali nikaona tu kwamba amekaa chini, palepale kwenye mawe yenye maji.

Sixto akasema hakuna njia, lazima arudishwe chini, hewa ibanwe upya, apandishwe polepole. Ndivyo wanavyofanya wazamiaji wote, na wengine wamepona, na wengine hawakupanda tena. Sixto alimkumbatia akashuka naye, mipira miwili mikononi mwangu. Nje pumzi yangu inatoka moshi. Nilikuwa nasali na kutukana kwa pumzi hiyohiyo. Wanamaji wakajibu kwenye redio: boti lao litakuja, bahari ikiruhusu.

Walipopanda alikuwa hai. Miguu hapana.

Agosti 4
Boti la wanamaji limekuja. Nafasi ya ndugu mmoja. Wakaniangalia mimi, mke.

"Aende mama yake," nikasema.

Eliecer alikuwa amefungwa kwenye machela, macho tu ndiyo yanaonekana. Macho hayo yakanitazama. Nikageuza uso. Mama Herminda akapanda na kifurushi chake, na alipopita kando ya machela ya mwanawe nikamsikia anasema, "Kama baba yako. Kama baba yako hasa."

Nimetimiza kiapo changu. Najisikia kama nimemeza jiwe.

Agosti 5
Sijaamka.

Agosti 6
Sixto amenitoa kitandani kwa nguvu. "Shemeji, wavu wa mwisho aliouacha Eliecer bado uko chini. Nungu wanateseka bure. Njoo ushike kamba."

Boya la wavu lilikuwa palepale. Bahari ilikuwa imelala kabisa, hakuna hata kunyanzi moja. Nikaishika kamba na kutazama chini. Maji kioo. Kamba ilikuwa imenyooka wima, haikuelekea pembeni hata kidogo. Nikaanza kuvuta, nikavuta, nikavuta, Sixto akaja kunisaidia, na kamba haiishi.

"Sixto. Mkondo uko wapi?"

Akawa anahesabu pima kwa mikono. Mita arobaini na zaidi, moja kwa moja chini. Hapakuwa na mkondo. Hapakuwahi kuwa na mkondo.

Wavu ukatoka. Nikasema, unaona? Unaona alipokuwa anafika, mshenzi yule? Nikaupindua kwa hasira kwenye sakafu ya boti. Nungu wakabiringika, wazima, miiba inacheza. Katikati yao kikadondoka kitu cheupe.

Bibi harusi. Mmoja. Mdogo, peke yake, ukubwa wa kikombe cha kahawa.

Nilimwokota nikitaka kumtupa. Sixto akanishika mkono. "Ngoja. Mgeuze." Nikamgeuza. Chini alikuwa laini, na alama ya mwamba tu. "Shemeji, mimi nimepiga mbizi na Eliecer miaka yote hii. Mabibi harusi wa chini wameshikana, mmoja juu ya mwingine, huwezi kumtoa mmoja bila kumvunja mwenzake. Wanaokaa peke yao ni wale wa juu kabisa. Wale wa mlangoni."

"Unasema nini?"

"Nasema huyu ni wa kwanza aliyemkuta. Alimchukua akuletee. Uamini."

"Lakini mita arobaini, Sixto! Puyelde wako ishirini!"

Akaangalia maji. Nami nikaangalia. Tuliona mwamba unashuka, unashuka, na nuru inashuka nao, kijani, mpaka macho yanapochoka. Puyelde ukiingiza mkono kwenye maziwa huvioni vidole vyako. Chini yake ni giza tupu, na mabibi harusi wanapenda giza. Huku giza linaanzia mbali. Wao wamelifuata giza lao kule chini, na mume wangu akawafuata wao, akageuka pale alipoapa kugeuka, kila siku, kwa uaminifu kabisa. Mivuto mitatu. Alikuwa ananiambia kweli, na tepe nne nilikuwa nazo mimi.

Nililia mpaka Sixto akaogopa. Tukawarudisha nungu wote majini.

Agosti 7
Redio kutwa nzima. Hospitalini wamemweka kwenye chemba ya hewa. Yu hai. Nimemwomba mtu wa redio ampelekee ujumbe: mkewe anasema amemwona bibi harusi na anaamini. Akauliza, "Mama, hiyo ni lugha ya siri?" Nikamwambia apeleke vilevile alivyosikia.

Agosti 8
Jibu limekuja. "Mwambie alichelewa, lakini nimefurahi."

Agosti 19
Sixto ameniacha mjini. Nimemkuta Eliecer amekaa kitandani. Mguu wa kulia unasogea. Wa kushoto umekataa. Nikapiga magoti nikaweka kichwa kwenye ule uliokataa, na mkono wake ukaja kichwani kwangu. "Usinililie mguu, hausikii," akasema.

Mama Herminda alikuwa kwenye kiti dirishani. Nilikuwa nimejipanga nimweleze polepole. Sikuweza. Nilimtoa bibi harusi kwenye mfuko wa koti, nikamweka mapajani mwake, nikamwambia yote: kamba, kina, maji kioo, wa mlangoni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kifurushi chake, akatoa ile soksi. Vidole vilikuwa vinamsumbua, nikataka kusaidia, akanipiga kofi mkononi. Akalitoa lake. Akayaweka mawili sambamba kwenye goti.

Akaligeuza lake. Chini lilikuwa laini. Halikuvunjika popote. Halikuwahi kushikana na mwenzake: nalo lilikuwa la mlangoni.

Ameishi nalo miaka yote hiyo na kulinyooshea kidole kila usiku. Nilimtazama usoni, sijawahi kuona mtu amestuka hivyo bila kutoa sauti. Akasema tu, "Niitieni nesi, nasikia baridi."

Septemba 12
Tumerudi Chiloé. Eliecer anatembea na mikongojo miwili, anawatukana kuku wakimpita. Sixto amenunua saa mbili za kupimia kina, moja amemfunga Mama mkononi kwa utani. Mama hajaivua.

Septemba 14
Leo asubuhi Mama amenigongea mlango, amevaa koti la misa. "Mkwe wangu, nisindikize."

Si Novemba. Makaburini tulikuwa sisi wawili na upepo. Akawapita wazazi wake. Akafika kwa Abelino, msalaba umelala kwa kutotunzwa, jina halisomeki. Nikausimamisha, nikaukandamiza kwa mawe. Yeye akaliweka tumbawe chini ya msalaba, akatoa mshumaa. Kiberiti kikazimika, na cha pili, na cha tatu. Nikafungua koti langu nikamkinga, ukawaka, akauweka ndani ya kopo la chumvi alilokuja nalo.

Nilidhani atasali. Akainama, akausogeza mkono wake juu ya jina lile lililofutika, na kuongea kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayemwambia mumewe jambo mezani.

"Kumbe ulinisikia," akasema. "Siku ile, Abelino. Kumbe ulinisikia."